Naomba ushauri: natafuta kikosi cha babu, mgambo wa vita ya Kagera

Wakuu, habari za leo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa kahawa, na jioni alikwenda kupiga kwata na bunduki ya mbao kama mgambo wa kijiji. Mafunzo hayo yalienea baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, mwaka uleule Amin alipopindua serikali Uganda. Kagera ilipovamiwa mwishoni mwa 1978, mgambo kwa maelfu waliingizwa jeshini. Naye akaenda.

Tumebaki na picha moja tu. Amesimama kando ya lori, mkanda umemzidi kiuno, na nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli: Masaka 1979. Mji huo wa Uganda ulitekwa na jeshi letu Februari, Kampala ikafuata Aprili 11. Jina la kikosi halipo. Alirudi kwenye jembe lake, hakupenda kusimulia, hadi akafariki.

Bibi ana miaka 84 na anataka sana kujua mumewe alipigana pamoja na akina nani. Mliowahi kufuatilia habari za wazee wenu, nianzie wapi: kwa mshauri wa mgambo wilayani, Nyaraka za Taifa, au makao makuu ya jeshi? Barua niiandikeje? Na mwenye mzee aliyepita Masaka, tafadhali amuulize wakati bado yupo.