Tableti kwenye boti: kazi au mbwembwe?

Mvuvi_Langoni

Assalaam aleikum wandugu. Boti ni ya faiba, futi 26, mashine moja ya hospawa 40 ya kuvuta kamba. Kazi yake samaki na abiria: Lamu, Faza, Kizingitini, mara mojamoja mpaka Kiwayu. Simu yenye ramani ya bahari ipo, lakini kioo ni kidogo na chombo kikianza kurukaruka hakisomeki. Kuna tableti ya inchi 10 inauzwa. Pale gatini watu wamegawanyika: wengine wasema ni chombo cha kazi, wengine wasema ni mbwembwe za kuonyesha wageni. Yafanya nini ambacho simu haiwezi? Na chumvi itaihimili?

Nahodha_Shela

Waaleikum salaam. Faida ipo, ila si pale watu wanapoidhania. Aliyeshika usukani macho yake yawe mbele, si kiooni. Tableti inafaa kabla ya kung'oa nanga, na inafaa ukiwa na mtu wa pili wa kuishika mnapoingia mahali pembamba.

Chukua Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Kwamba hapapitiki mpaka maji yajae, hilo kila mtu analijua. Swali huwa ni saa ngapi hasa. Kina cha kwenye chati (ramani ya bahari) huhesabiwa kutoka maji ya chini kabisa, na tarakimu iliyopigwa mstari chini yake maana yake pale pahali huanikwa maji yakipwa. Tuseme unaona 0.5 yenye mstari: ni fungu linalotokeza nusu mita. Sasa hesabu ya maji. Hujaa kwa kama saa sita, wala hayapandi sawasawa. Ukigawa tofauti ya kupwa na kujaa mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), kupwa kukiwa mita 0.6 na kujaa 3.6, saa mbili baada ya kupwa kimo ni 1.35 tu. Toa ile 0.5, juu ya fungu pana mita 0.85, na mashine ikiwa imeshushwa utasaga mchanga. Ngoja saa moja nyingine, kimo kinafika 2.1 na juu ya fungu unapata mita 1.6. Hapo unapita na abiria wako.

Kwenye inchi 10 unaona mlango mzima pamoja na jedwali la maji kando yake. Kwenye simu unavuta huku na huku, ukifika mwisho umesahau mwanzo. Hiyo ndiyo tofauti, na kwangu inatosha.

Lakini jihadhari na kukuza picha. Chati hizi huficha vitu vidogo ukitazama kwa mbali. Novemba 2014, kwenye mbio za Volvo Ocean Race, boti ya Team Vestas Wind ilipanda mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius. Mabaharia wale walikuwa na vifaa vya kila aina, ila kwa kiwango cha ukuzaji walichotazama hatari ile haikuonekana ilivyo. Kwa hiyo njia yako yote uipitie nyumbani kwa kidole, imekuzwa, kipande kwa kipande. Na jedwali la maji liangalie limeandikwa kwa saa za wapi. Likiwa ni la GMT, sisi tunaongeza saa 3.

Fundi_Mkomani

Kabla ya chumvi, ndugu, ulizia GPS. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. iPad ya Wi-Fi tupu haina kipokezi cha GPS, mpaka ile inayoingia laini. Tableti nyingi za bei rahisi za Android nazo hazina. Mtego ni kwamba ukiijaribu pale Mkunguni, mjini, itakuonyesha ulipo sawasawa, kwa kuwa inajitafuta kwa Wi-Fi za majirani. Ukivuka Ras Kitau kutoka nje baharini, Wi-Fi hakuna, inakufa ganzi.

Jaribu hivi mbele ya muuzaji. Washa hali ya ndege, hakikisha Wi-Fi imezimwa, toka nje penye mbingu wazi, fungua programu kama GPSTest. Zikishikwa setilaiti nne au zaidi na nafasi ikatokea, chipu ipo. Usiondoke mapema. Kifaa kilicholala muda mrefu bila intaneti chaweza kuhitaji dakika 12 na nusu kupokea almanaka yote ya setilaiti (ratiba ya njia zao angani). Na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 4.

Chumvi sasa. Kioo hakiliwi, kinacholiwa ni tundu la chaji. Zile pini ndani ya USB-C, umeme ukipita na unyevu wa chumvi upo, shaba huoza, utaona ukungu wa kijani. Kwa hiyo usichaji ikiwa na unyevu hata kidogo. Weka kizibo cha mpira. Kila ukirudi, futa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo (ya bomba, si ya bahari), kisha kikavu. Tundu likianza kusumbua, zima, lisugue taratibu kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, uache likauke kabisa. Mchele hausaidii: chumvi inabaki palepale na vumbi la wanga linaongezeka. Ikizama, izime, usijaribu kuiwasha, ilete siku hiyohiyo.

Hata zilizoandikwa IP68 (alama ya kuhimili maji na vumbi) hupimwa kwa maji baridi, si kwa chumvi. Ila Galaxy Tab Active ina jambo jema, betri yake hutolewa kwa mkono.

Na ile mifuko ya plastiki ya kuzuia maji? Inazuia maji na inazuia joto kutoka. Apple wenyewe wameweka mpaka wa nyuzi 35 za hewa, na juani kaskazi ikipiga ndani ya mfuko panazidi hapo. Kioo kitafifia, kisha kifaa kitajizima chenyewe. Kivuli kwanza, mfuko baadaye, na usichaji ikiwa mfukoni.

Dira_na_Bildi

Mimi nasema ni mbwembwe kwa kazi yako. Tableti haijui kina cha maji yaliyo chini yako, inajua kilichoandikwa na mpimaji zamani. Mafungu yetu ya mchanga huhama kila msimu wa kusi, chati haihami. Pesa hiyo tafuta GPS ya boti ya inchi 5 yenye kipima kina. Hiyo ina vitufe vya kubonyeza, inasomeka juani na haijali maji. Kioo cha tableti kikipata matone ya bahari kinayahesabu kuwa vidole, ramani inaruka ovyo wakati ule unaoihitaji. Ukivaa miwani ya polaroidi, ukiishika upande mmoja kioo kinaweza kuwa cheusi kabisa, mpaka uigeuze.

Nahodha_Shela

Kuhusu kina nakubaliana nawe, maalim. Atakayeweza kimoja tu achukue kipima kina. Ila kupanga safari kwa inchi 5 ni taabu ileile ya simu.

Mvuvi_Langoni

Ahsanteni sana. Kipima kina nitakitanguliza basi. Tableti ikifuata, umeme je? Mashine haina betri.

Fundi_Mkomani

Betri ya tableti ya inchi 10 ni kama Wh (wati-saa) 28. Mwanga ukiwa juu kabisa na GPS inafanya kazi, inakula wati 5 mpaka 6, basi hesabu saa 5. Pawabanki ya mAh 20,000 ni Wh 74, lakini njiani hupotea hadi theluthi. Itakujazia mara moja na nusu hadi mbili. Lamu mpaka Kiwayu na kurudi yatosha, mradi usiiache inawaka njia nzima. Pawabanki iweke ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza, chini ya benchi la tezi, nyuma ya boti, mbali na petroli.

Kumbuka kupakua chati zote ungali mjini, kisha uwashe hali ya ndege na uzifungue moja moja. Kipande kitakachotokea cheupe hakijashuka.