Tupeane uzoefu: kufundisha baiolojia ya mwili kwa wanachuo wasiosoma sayansi (Arusha na Moshi)

Mwalimu_wa_Moshi (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha utangulizi wa baiolojia ya binadamu kwa wanachuo wa sheria, uhasibu na utalii. Wengi wamepita tahasusi zisizo za sayansi (HGL, HKL au HGE). Baiolojia waliisoma hadi kidato cha nne kwa sababu ilikuwa ya lazima, ila kilichobaki kichwani ni kuchora na kukariri.

Kwangu kinachosaidia ni kuanza na jambo wanalolijua tangu nyumbani, majina ya kitaalamu yafuate. Hapa Moshi naanza na Mlima Kilimanjaro. Kila mtu amesikia habari za mgeni aliyeshushwa akiumwa kichwa na kutapika. Nauliza: kule juu oksijeni ni asilimia ngapi ya hewa? Wanataja tano, wanataja kumi. Jibu ni lilelile la hapa mjini, karibu 21, hata pale kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, unafika karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo oksijeni inayopenya kutoka mapafuni kwenda kwenye damu inakuwa ndogo. Kuanzia hapo wanauliza wenyewe. Mwili unajiteteaje? Kwanza unapumua haraka. Baadaye figo zinatoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi, na kazi hiyo ni ya wiki, si ya usiku mmoja. Wa utalii hapo wanaandika bila kuambiwa, maana ndiyo kazi inayowangoja.

Wenzangu mnaanzaje?

Mama_Tengeru
Asante kwa mada, mwalimu. Mimi niko Arusha, nafundisha wanaosomea ualimu wa masomo ya sanaa. Naanza na meno.

Tunaoishi chini ya Mlima Meru tunajua: vijana wengi wana meno ya kahawia, na wapo wanaofunika mdomo wakicheka. Wamekua wakiambiwa hawapigi mswaki. Huwa simnyooshei kidole mwanafunzi yeyote, naleta picha tu. Naeleza kwamba miamba ya volkano inatoa floraidi nyingi kwenye maji yetu, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya fizi, hasa kabla ya miaka minane, enameli, lile ganda gumu la nje la jino, inatoka na kasoro. Jino linapochomoza limeshaharibika. Mswaki hauna kosa hapo.

Binti mmoja aliuliza kama mwanawe atarithi meno yake. Swali hilo lilinipa kipindi kizima: kipi kinakuja kwa jeni na kipi kinaletwa na mazingira. Nikamjibu kwamba harithi, ila akinyweshwa maji yaleyale yatampata yaleyale. Na kuyachemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inazidi kukolea. Kinachoipunguza ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kazi iliyofanyiwa utafiti hapahapa kwetu Ngurdoto. Nawaambia mtakwenda kufundisha historia na Kiswahili vijijini, na mtoto wa darasa lako akichekwa kwa meno yake, wewe ndiye wa kumtetea kwa hoja. Hili linaniuma sana, ndiyo maana nimeandika kirefu.

Wakili_Mtarajiwa
Shikamoo walimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, somo hili nilisoma mwaka wa kwanza. Kilichonikaa ni makundi ya damu. Tulipewa kesi: baba ni AB, mtoto ni O. Kwa kawaida haiwezekani, kwa kuwa AB humpa mtoto A au B, na mwenye O hana hata moja. Lakini kundi likikubaliana bado si uthibitisho kwamba ndiye baba, watu wenye kundi hilo ni wengi. Kuthibitisha kunahitaji DNA. Nilielewa urithi siku hiyo.

Kijenge_Juu
Mwalimu wa Moshi, na mtihani unatungaje? Wangu wakiona mchoro wa moyo wanakata tamaa.

Mwalimu_wa_Moshi
Marahaba Wakili, kesi yako naichukua. Mkuu wa Kijenge, mchoro nauchapa mimi, wao wanafuatilia tone la damu kutoka mguuni hadi mapafuni na kurudi, kwa maneno yao. Alama nyingi naziweka kwenye kisa: mpagazi yuko Kibo, juu mlimani, amechanganyikiwa na anayumba, eleza mwilini kuna nini na kwa nini ashushwe mara moja. Ukitaka maswali ya mwaka jana njoo PM, nakutumia.