Maofisa mauzo wa kampuni changa: kamisheni tupu au na mshahara?

Mleta mada: Wadau, kampuni changa za programu hapa Dar, zile zinazouza mifumo ya stoo kwa maduka ya Kariakoo, zinazidi kuajiri maofisa mauzo kwa kamisheni tupu. Ni sawa? Mimi napinga.

Mwenye kampuni, Kinondoni: Piga hesabu kwanza. Watu watano kwa mshahara wa 500,000 kila mmoja ni 2,500,000. Weka NSSF, asilimia 10 ya mwajiri, unafika 2,750,000 kwa mwezi. Mfumo ukiuzwa 40,000 kwa mwezi, unahitaji wateja 69 kulipia kitengo cha mauzo tu.

Mhasibu, Ilala: Hesabu iko sawa, ila nani kakwambia uanze na watano? Anza na wawili.

Ubaya wa kamisheni tupu ni huu: muuzaji mwenye njaa anasainisha kila duka. Anaahidi kwamba mfumo utaunganishwa na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, wiki ijayo, wakati mafundi hata hawajaanza. Mteja analipa mwezi wa kwanza, wa pili hapokei simu. Kamisheni imeshaliwa, na ukitaka kumkata muuzaji baadaye mtakutana CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Igawe kamisheni. Mkataba wa mwaka ni 480,000. Kamisheni ya asilimia 15 ni 72,000. Toa 24,000 malipo ya kwanza yakiingia, 24,000 mwezi wa tatu, 24,000 wa sita. Hesabu pesa iliyofika kwenye lipa namba ya kampuni, achana na fomu zilizosainiwa.

Na kumwita “wakala” hakukuokoi. Ukimpangia saa za kazi, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamhesabu mwajiriwa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Ofisa mauzo: Nauli na bando anatoa nani? Anayekaa kaunta mara nyingi si mwenye duka. Unarudi mara tatu, nne ndipo umkute mwenye uamuzi, na asubuhi anahudumia wateja wa mikoani, hana muda na wewe.

Mwenye kampuni, Kinondoni: Kugawa kwa awamu nakubali. Lakini anayekula mshahara miezi mitatu bila mteja?

Mhasibu, Ilala: Angalia wenye maduka wangapi ameketi nao na kuwaonyesha mfumo. Kama ni 20 kwa mwezi na hakuna aliyenunua, kagua bei na mfumo wenyewe kabla ya kumfukuza. Kama ni wanne, mwite mzungumze. Halafu mpe laini ya kampuni, maana akiondoka na namba za wateja kwenye simu yake, umewapoteza.