Folda ya kikundi imefutwa Google Drive, Tupio langu jeupe: nianzie wapi?

mwenye_swali
Wakuu habari za mchana. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina folda Google Drive, akaunti za Gmail za kawaida. Folda ni ya katibu, ila ndani kuna faili zake, zangu na za mweka hazina. Laptop yake ilijaa, akaifuta folda humo kwenye kompyuta, na mtandaoni ikapotea kwa wote. Kwenye Tupio langu (pale vinapokaa vilivyofutwa) hakuna kitu. Nimeona programu ya kurudishia faili inauzwa, itafaa?

fundi_wa_ofisi
Mkuu, pesa yako ikae mfukoni kwanza. Folda si yako, kwa hiyo haiwezi kuonekana kwenye Tupio lako. Inaangukia kwa mwenyewe. Katibu aingie drive.google.com kwa kivinjari, na ahakikishe ni akaunti ileile iliyotengeneza folda. Wenye Gmail mbili huchungulia isiyo yenyewe halafu wanakata tamaa. Afungue Tupio, atafute jina la folda (si faili mojamoja, maana kilichofutwa ni folda), abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya, achague Rejesha. Inarudi mahali pake na vilivyomo.

Ana siku 30 tangu alipofuta. Utaratibu huo ulianza Oktoba 2020. Zamani vitu vilikaa Tupioni mpaka uvimwage mwenyewe. Na asimwage sasa hivi hata kama GB 15 za bure za akaunti zimejaa. Vilivyo Tupioni vinahesabiwa kwenye nafasi yako, ndiyo maana watu wanaingia mtegoni.

dada_wa_data
Naongezea. Ikiwa ameshamwaga, za kwako na za mweka hazina bado zipo, kwa sababu mwenye folda hana uwezo wa kuua faili ya mtu mwingine. Zinabaki yatima, hazina folda, basi huzioni ukipitia kawaida. Kila mmoja kwenye akaunti yake aandike hivi sehemu ya kutafutia, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili:

is:unorganized owner:me

Zikitokea, ziburuteni kwenye folda mpya. Za katibu zilizomwagwa, aombe kupitia ukurasa wa msaada wa Google Drive, tena mapema; hakuna ahadi kwamba zitapatikana. Mngekuwa na akaunti ya kikazi, msimamizi angekuwa na siku 25 zaidi baada ya Tupio kumwagwa: anafungua jina la mtumiaji, anachagua tarehe, anarejesha.

fundi_wa_ofisi
Kuhusu ile programu: jedwali la Google kwenye laptop ni faili yenye mwisho wa .gsheet, na ndani yake hamna hesabu yoyote, ni anwani tu ya kwenda mtandaoni. Ukiifufua umefufua kiungo. Excel halisi ni sawa, hiyo inakaa kwenye diski kama mmechagua kuakisi faili zote (nakala kamili zikae pia kwenye kompyuta), lakini angalieni kwanza pipa la taka la Windows. Diski ikiwa SSD (ile ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka), kilichotoka kwenye pipa hilo kwa kawaida hakifufuki.

mwenye_swali
Katibu amerejesha, asanteni sana. Imebaki Excel moja ya marejesho ya mikopo: ipo, ila mtu ameandika juu ya data za zamani akahifadhi.

dada_wa_data
Hiyo haijafutwa, tafuta toleo la nyuma. Mtandaoni, bonyeza kitufe cha kulia juu ya faili, ingia sehemu ya kudhibiti matoleo, pakua la kabla ya kuharibiwa. Usilipandishe juu ya lililopo, lipe jina jingine mlinganishe. Fanya leo: kwa Excel iliyopandishwa, toleo la zamani hufutwa baada ya siku 30 au matoleo yakifika 100, labda uwe umeweka alama ya kulitunza daima. Ingekuwa jedwali la Google lenyewe, Ctrl+Alt+Shift+H inafungua historia yote.

Na laptop ya katibu ikijaa tena, abadilishe mpangilio faili zikae mtandaoni tu, asifute.