Naomba ushauri: mwanangu mwenye usonji anakula chipsi na biskuti tu, meno yanaoza

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miaka 6 ana usonji. Anakula chipsi, mkate mweupe na biskuti tu. Maharage, hata embe bivu, akihisi ulaini wake mdomoni anatapika. Amefika kilo 31, na magego mawili yametoboka. Mswaki ndiyo vita kabisa: povu na ukali wa dawa ya meno vinamtesa, analia mpaka naacha. Ndugu wanasema namdekeza. Si deko, mdomo wake unahisi kupita kiasi. Sasa namswakisha bila dawa akiwa anaoga, anavumilia kidogo, ila nahofia anakosa floridi, yale madini ya kwenye dawa ya meno yanayozuia meno kuoza. Mliopitia haya, chakula kipya mlikiingizaje? Na kwa daktari wa meno mlimzoeshaje mtoto bila kumshika kwa nguvu?