Mrejesho: Kirikuu au Canter? Nimeshahama

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama vyombo vya vyumba viwili, kutoka Tabata hadi Kibaha, nibebe kwa kirikuu (kile kipikapu kidogo) safari mbili au Canter (lori dogo) safari moja. Nimeshahamia, asanteni sana.

Aliyeniambia nipime kwanza kwa futi kamba ndiye aliyeniokoa. Upana wa bodi ya kirikuu haufiki futi 5, na kitanda changu ni 6 kwa 6. Kabati la milango mitatu nalo halifunguki vipande. Nikachukua Canter. Safari mbili za kirikuu zingenigharimu zaidi, bado muda wa kwenda na kurudi barabara ya Morogoro.

Kosa langu, sikukubaliana mapema nani anapakia na kushusha. Tulipofika dereva akadai elfu 30 ya vijana wake. Tulibishana mpaka mama mwenye nyumba akatoka, nikalipa. Nyie malizaneni kabla gari halijawashwa, na muulize turubai. Mvua ilitukuta Mbezi. Godoro lilipona kwa kuwa mke wangu alisisitiza turubai liwepo.

Friji ilisafiri imesimama, nikaiacha itulie masaa kadhaa ndipo nikaichomeka. Inagandisha vizuri.