Mjadala: Kanisa likikukwaza, unahama au unabaki?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Shemeji yangu amehama usharika. Sababu naijua, tunasali pamoja: mwaka wa pili huu hatujasomewa mapato na matumizi ya jengo, na mzee wa kanisa aliyeuliza akaambiwa ana roho ya uasi. Shemeji anasema kubaki ni kubariki uovu. Mimi nabaki, na naomba tubishane kwa hoja.

Siku ya mavuno bibi mmoja mjane alileta mayai matatu, ameyafunga kwenye kitambaa. Yakanadiwa. Kijana wa kwaya akayanunua kwa elfu kumi, akayarudisha yanadiwe tena. Yakazunguka hivyo mara nne, mwisho bibi akakabidhiwa mayai yake mwenyewe, machozi yanamtoka. Watu walewale ndio waliolala nasi chini ya turubai siku tatu tulipofiwa na baba. Nawaachaje hawa kwa ajili ya kamati ya ujenzi?

Tena jambo hili ni la kale. Baada ya mateso ya Kaisari Diokletiano wa Roma dhidi ya Wakristo, yaliyoanza mwaka 303, Wakristo wa Afrika Kaskazini waligombana juu ya viongozi waliosalimisha Maandiko kwa watawala. Wadonati, waliowakataa viongozi hao, wakajitenga, wawe kanisa la watu safi. Askofu Augustino wa Hippo akawajibu kwa mfano wa ngano na magugu: vyote vikue pamoja hadi mavuno. Na Korintho, mezani pa Bwana, "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Paulo hakuwaambia wahame. Aliwakemea kwa barua.

Nasi tumeandika yetu, kudai hesabu. Ina saini kumi na saba.

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada, magugu yakiwa kwenye viti vya waumini nakuelewa. Yakiwa madhabahuni je? Shakahola, Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa. Wale nao walibaki na kiongozi wao.

Mchangiaji wa pili: Mimi nilihama, sijuti. Huku hesabu zinasomwa kila robo mwaka. Ila mama alipofariki, waliokuja kukesha ni wale wa usharika wa zamani, na mpaka leo sijajua niwaambie nini.

Mleta mada: Mpendwa wa Shakahola, hapo sina ubishi. Ukikatazwa chakula, hospitali, au mtoto akiguswa, toka usiku huohuo, pitia polisi, usingoje kikao. Ningekosea kumwita mtu wa namna hiyo msaliti. Kwetu hatujafika huko. Mkutano wa usharika bado unaitishwa, na muumini bado ana haki ya kusimama na kuuliza. Unakaa mwezi ujao. Barua nitaisoma mwenyewe, na shemeji nimemwomba aje akae nyuma asikilize. Hajanijibu.